Tundu la Ukuta wa Nyuma

Feni ya bafuni haina kazi mbili. Inatoa. Mvuke ukijaa inautoa, harufu mbaya inaitoa, ikimaliza inazimwa, basi. Ndiyo maana asubuhi ile Conchesta alisimama mlangoni pa bafu lake, kanga kifuani na mswaki mdomoni, akabaki ananusa. Bafu lilikuwa linanukia udi.

Haikuwa sabuni, wala ile dawa ya choo yenye picha ya maua kwenye chupa. Ulikuwa udi hasa, wa mti, ule anaofukiziwa bibi harusi. Na nyumbani kwao udi haujawahi kuingia. Yeye na mumewe Gaudens ni Wakatoliki wa Muleba waliohamishiwa Pemba kikazi, na wao moshi wa kunukia wanaukuta kanisani siku za sikukuu, wakirudi nyumbani wanaukuta wa mkaa.

Gaudens alikuwa ametoka kuoga muda si mrefu, keshapanda pikipiki keshaondoka. Feni ilikuwa bado inazunguka darini. Conchesta akanyoosha mkono hadi kwenye kava lake akitegemea hewa imvute vidole. Hewa ikampuliza. Ilikuwa ya baridi, nayo ndiyo iliyobeba ile harufu.

Akatema povu, akazima swichi, akasema moyoni kwamba fundi Rajab kafunga feni kinyume. Ndivyo alivyo Conchesta, mwalimu kwa kazi na kwa tabia. Jambo lolote likitokea, kwanza hutafuta nani kakosea.

Tuseme ukweli, shida ya feni ile ilianza kabla ya fundi. Nyumba waliyopanga, pale Jadida mjini Wete, ilikuwa ya Bi Mwatima, mjane aliyekaa upande wa mbele na binti yake Shadya. Bafu la wapangaji lilikuwa la ndani, halina dirisha, na aliyelijenga aliweka feni ya kunyonya mvuke lakini akasahau kuuonyesha pa kwenda. Feni ikautoa mvuke bafuni na kuumwaga darini, ukakaa huko huko. Na Gaudens ni afisa mifugo. Kutwa yuko na ng'ombe na madawa ya kuogeshea, akirudi ananuka josho, hawezi kula mpaka akae kwenye maji ya moto ya hita mpaka ngozi imlegee. Dari likaota ukungu mweusi. Matone yakaanza kumdondokea mtu kichwani akiwa anapiga mswaki, na koti la Gaudens la kanisani, lililotundikwa chumba cha pili, likaota manyoya ya kijani.

Rajab alipoitwa alipanda darini, akashuka na vumbi kwenye kope, akasema dawa ni bomba. Feni ifungwe bomba la plastiki, lipite juu ya dari, litoboe ukuta, mvuke umwagike nje. Ukuta wa karibu ulikuwa wa nyuma. Akilipeleka kwingine litapita juu ya vyumba vyote, na bomba refu maji hutuama ndani yake yakarudi.

Bi Mwatima alipoombwa ruhusa alikubali yote ila hilo la mwisho. "Nyuma msitoboe, mwanangu," alisema. "Nyuma kuna wenyewe."

Conchesta hufundisha Kiswahili sekondari. Maneno mwenyewe na wenyewe ameyafundisha kidato baada ya kidato, na mifano yake anayo kichwani. Wenyewe ni wenye mali. Akaelewa, tena kwa uhakika kabisa, kwamba kiwanja cha nyuma ni cha watu wengine na bibi hataki kesi ya mpaka. Akamwambia mumewe aende akawaombe hao watu kistaarabu. Gaudens alikwenda jioni moja akitoka kazini, akarudi anachekacheka, akasema amemkuta mwenyewe na hana neno.

Kwa hiyo Bi Mwatima alipomuuliza Conchesta kama wamewataka radhi wenyewe, alijibiwa bila kusita kwamba wameombwa na wamekubali. Bibi alimtazama mwalimu huyu kwa muda, na machoni mwake mkaingia heshima ambayo haikuwamo kabla. Akasema kama wamekubali, yeye ana neno gani tena. Rajab naye aliuliza lile lile, akapewa jibu lile lile, akapiga bismillahi na kutoboa. Nje akafunga kifuniko chenye vibao vya plastiki ambavyo feni ikiwaka husukumwa na hewa vikafunguka, ikizimwa vinaanguka na kuziba. Ukiwa ndani unavisikia. Tak, tak, kisha kimya.

Basi ile asubuhi ya udi Conchesta alimpigia simu Rajab, na Rajab akaja na ngazi yake. Akachana kipande cha karatasi ya choo, akakiweka kwenye kava la feni, kikanata. Feni inavuta sawasawa, alisema, na mwalimu asimharibie jina. Alipoondoka Conchesta akachana kipande kingine, akakiweka pale pale. Kikapeperuka, kikamgonga usoni.

Hilo hakumwambia mtu. Lakini tangu hapo akaanza kumwangalia mumewe.

Gaudens alikuwa amebadilika, na mabadiliko yenyewe yalikuwa ya kumfurahisha mwanamke yeyote kama angejua yanatoka wapi. Alikuwa mchangamfu. Alikuwa ananyoa ndevu kila siku, mtu ambaye zamani mbuzi aliowatibu walikuwa nadhifu kuliko yeye. Kuoga alikokuwa akikufanya kwa kuondoa harufu sasa alikukimbilia, akiwahi nyumbani kabla ya jua kuzama, anaingia, anafunga mlango, hita inachemka na feni inaunguruma, na Conchesta sebuleni na madaftari yake anasubiri mpaka wali unapoa. Akitoka alikuwa amelegea, anatabasamu peke yake, na shingo yake inanukia udi.

Mke hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Conchesta aliipekua simu, hakuona kitu. Akanusa mashati, yananuka ng'ombe. Harufu ilikuwa bafuni tu, na shingoni. Ndipo siku moja, akishika sabuni, akauona unywele umeng'ang'ania. Aliuvuta, ukaja, ukaendelea kuja, mweusi, mrefu, wenye maji, mpaka ukamfika kwenye kiwiko. Yeye nywele zake hukata fupi kama mwanafunzi. Katika nyumba ile, mwenye nywele za namna hiyo alikuwa mmoja.

Shadya alikuwa ameachika mwaka uliopita, na kila Alhamisi alitandaza nguo zake juu ya tenga na kuzifukiza udi, kama wafanyavyo wanawake wengi pale mtaani. Conchesta alikuwa anampenda. Walikuwa wanakuna nazi pamoja, wanasengenya pamoja. Sasa akaacha kumwitikia salamu. Akimwona uani anapita kama anapita mti. Siku moja akamwambia mbele ya mama yake kwamba wako watu wanaoona mlango wa wenzao wakadhani ni wa kwao, na Shadya, aliyekuwa anaanika, akabaki na nguo mkononi, macho yakimjaa machozi, asijue amekosa nini.

Usiku Conchesta alilala ukingoni mwa kitanda. Alikuwa anamwogopa mumewe kidogo na anamtaka sana. Walikuwa wamekuja wawili kisiwa kile, hawana mtoto, hawana ndugu, na akimpoteza huyu hana mwingine wa kumwita kwa lugha ya kwao. Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi, kuliko udi na kuliko unywele.

Jioni iliyovunja mambo, umeme ulikatika Jadida nzima. Adhana ya Magharibi ilikuwa imemalizika, mtaa umetulia, na Gaudens alikuwa bafuni. Conchesta alikuwa anapapasa kibiriti jikoni aliposikia feni.

Ilikuwa inazunguka.

Alidhani umeme umerudi, akabonyeza swichi ya taa, taa haikuwaka. Friji kimya. Nje dirishani nyumba zote ni giza. Lakini feni ya bafuni ilikuwa inaunguruma polepole, kwa sauti nzito kuliko ya kawaida, na vile vibao vya nje vilikuwa vinagonga, tak, tak, tak, kama mtu anayevinyanyua kwa kidole kutoka nje na kuviachia, akavinyanyua tena, hana haraka. Alisogea ukumbini akishika ukuta, na kadiri alivyosogea harufu ya udi ilimjia nzito zaidi mpaka akahisi anaimeza, na ndani ya ule muungurumo akaisikia sauti ya mumewe, ya chini, ya upole, sauti ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameisikia tangu mwaka wao wa kwanza wa ndoa, ikisema kidogo kisha ikinyamaza, kama anayesikiliza jibu, kisha ikicheka, kisha ikisema tena, na katikati ya kunyamaza kule hakukuwa na sauti nyingine yoyote ila vibao vinavyogonga.

Aliweka sikio mlangoni. Hofu ilikuwa imempanda, lakini wivu ulikuwa juu ya hofu, na ndio uliompigisha mlango kofi.

"Kama una mwenzako humo, kaa naye," alisema. "Mimi nimemwachia. Akuchukue."

Feni ikazima. Vibao vikaanguka mara moja, vyote. Na katika kimya hicho, karibu kabisa na upande wa pili wa mbao, sauti ya mwanamke ikasema taratibu, kwa adabu:

"Ahsanta."

Conchesta aliusukuma mlango kwa bega na kitasa kikang'oka. Aliwasha tochi ya simu. Gaudens alikuwa amekaa peke yake kwenye kigoda, maji yanamchuruzika, ameinua uso kuelekea feni, macho wazi na mdomo wazi, na kutoka mdomoni mwake ulikuwa unapanda mvuke mwembamba, ulionyooka, usiotawanyika, mpaka ndani ya matundu ya kava, kama uzi unaovutwa na mtu aliye upande wa pili. Mgongo wake ulikuwa na baridi ya samaki wa barafu. Bafu lile halikuwa na mahali pa mtu wa pili kujificha. Conchesta aliyajua hayo yote, lakini akili ya mtu mwenye wivu haiachi upesi kile ilichokishika. Alimfunika mumewe taulo, akamvuta mpaka ukumbini, kisha akazunguka mbio upande wa mbele akamtafute Shadya.

Alimkuta kwenye mswala, nyuma ya mama yake, wanamalizia kusali kwa mwanga wa kandili. Nywele kazifunika, na ushungi wake mkavu. Shadya akatoa salamu kulia na kushoto, akageuka, akamwona mwalimu kasimama mlangoni hana kiatu. Aliinuka, akamshika mkono, akamkalisha. Conchesta akalia kwa aibu, na kwa kuogopa, na akaeleza kila kitu.

Bi Mwatima alisikiliza bila kumkatiza. Mwalimu alipofika kwenye habari ya bomba, bibi akamshika goti.

"Hebu nambie. Mulimwomba nani, nyie, kutoboa?"

"Mwenye kiwanja, bibi. Hicho cha nyuma."

"Kiwanja cha nyuma changu miye. Mpaka kule bondeni, changu." Bibi aliishusha sauti, akatazama mlangoni kabla ya kuendelea. "Nnakwambia kuna wenyewe. Si watu. Wenyewe. Hawatajwi jina, ndio tukasema vyo."

Conchesta akasema yeye alidhani ni wenye mali. Bibi akasema na yeye alidhani mwalimu anajua. Siku ile alipoambiwa wameombwa na wamekubali, aliamini kabisa kwamba hawa watu wa bara nao wana wataalamu wao, wakafukiza, wakatoa sadaka, wakajibiwa. Hakutaka kumchokonoa mtu dini yake.

Kisha akasema jambo ambalo mwenzake hakulitegemea. Alisema hata radhi si kitu kikubwa, radhi inaweza kutakwa tena. Kikubwa ni bomba. Wale huitwa kwa mafusho. Mtu akiwataka, huketi mahali pamoja, wakati mmoja, akafukiza, moshi ukawafikia na ndani yake jasho la huyo mtu, na wakiizoea harufu yake humjia. "Na nyie kila Magharibi mumewafukizia," alinong'ona. "Maji ya moto, sabuni, na nafsi ya mume wako, mukamtolea mpaka mlangoni kwao. Hata mganga hafukizi vyo. Angekuja asije?"

Umeme ulirudi. Wakamkuta Gaudens kitandani amejikunyata, anatetemeka, lakini akili zake anazo, na alipoulizwa alijibu bila kuficha, kama mtoto aliyechoka kusema uongo. Alisema jioni ile alipokwenda nyuma alimkuta mwanamke amekaa kwenye jiwe katikati ya kichaka, ametoka kuoga, anakausha nywele. Akamuuliza kama yeye ndiye mwenyewe. Mwanamke akacheka, akasema ndiye. Akamweleza habari ya feni, na yule akauliza yeye atapata nini.

"Nikamtania," Gaudens alisema. "Nikamwambia, mama, sisi hatuna kitu, ila hewa yangu yote itakayotoka humo ni yako, chukua. Akasema amepokea."

Baada ya hapo, alisema, akiwa kwenye mvuke alisikia mtu anamuuliza habari za mchana wake. Alidhani ni mawazo yake tu. Akawa anajibu. Alisita, akamtazama mkewe. "Ananiuliza nimeshindaje, Conche. Wewe siku hizi huniulizi."

Maneno hayo yalimwingia Conchesta kuliko ile ahsanta. Yalikuwa ya kweli.

Asubuhi alimpigia simu padri wao. Alikuwa Unguja kwenye mkutano, akamwambia wasali na wamsubiri. Lakini Gaudens alikuwa amelala midomo imemgeuka rangi, na kila alipoachwa peke yake alinyanyuka kwenda bafuni, hata usingizini. Conchesta alikaa na rozari yake ukingoni mwa kitanda, kisha akaenda kwa Bi Mwatima na kusema amwite mtaalamu anayemjua.

Huyo alikuwa kaka yake bibi, Maalim Hafiz, mtu mnene, mwenye kikohozi, aliyekuja na chetezo kwenye mfuko wa plastiki. Alimwambia Conchesta rozari asiiweke chini, kila mtu aombe kwa anayemjua. Akaagiza Gaudens akae pale pale kwenye kigoda, feni iwashwe, na mlango ubaki wazi. Akaweka ubani kwenye makaa chini ya feni, akaanza kusoma.

Moshi ulipanda ukaingia kwenye kava vizuri, kama moshi wowote mbele ya feni yoyote. Maalim akasoma. Jua lilikuwa kali nje, mtaani mtu anauza samaki kwa kupiga honi ya baiskeli, na Conchesta alikuwa ameanza kujiona mjinga aliposikia tak ya kwanza. Ikafuata ya pili. Kisha moshi ukasimama katikati ya njia, ukajikunja, ukaanza kurudi chini, mzito, wa baridi, hauna tena harufu ya ubani bali ya udi, ukamfunika Gaudens kichwa, ukamfunika mabega, mpaka wakawa wanaona magoti yake tu na mikono iliyolala juu ya magoti imetulia, imepangwa, vidole pamoja, vile anavyoweka mikono mwanamke aliyekuja ugenini. Na kutoka ndani ya moshi ule Gaudens akazungumza, kwa mdomo wake na sauti yake, lakini kwa Kipemba, Kipemba cha ndani kabisa, yeye ambaye miaka yote alikuwa akichekwa sokoni kwa kushindwa hata kuuliza bei.

"Sikuiba miye," alisema. "Nliambiwa nichukue, nkachukua. Na nkewe kaniachia, kwa mdomo wake, mlangoni hapa. Nkamwambia ahsanta. Mwataka n'ni tena?"

Maalim akaacha kusoma. Akamgeukia Conchesta, akamuuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli alitamka hivyo. Conchesta akaitikia kwa kichwa. Maalim akavuta pumzi, akasema basi hapo yeye hana nguvu, anayeweza kuyarudisha maneno ni aliyeyasema.

Conchesta alipiga hatua mpaka ndani ya moshi, baridi ikamkata miguu, akaipapasa mikono ile iliyopangwa na kuishika. Akasema alisema kwa wivu. Akasema huyu ni mume wake, kanisa linajua, kwao wanajua, na hamwachi. Akarudia hamwachi, kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya, akimwita jina alilokuwa akimwita kabla hawajaoana, na akamuuliza, akilia, umeshindaje, umeshindaje leo.

Vidole ndani ya mikono yake vikalegea.

"Haya," ile sauti ikasema, na ilikuwa na huzuni. "Ntu nchukueni. Alonipa sirudishi."

"Kakupa n'ni?" Maalim akauliza.

"Hewa."

Maalim Hafiz na dada yake wakatazamana. Conchesta aliona nyuso zao zikilegea, na wake ukalegea vile vile. Hewa. Mvuke wa maji ya kuogea. Aende nayo, Maalim akasema, hiyo si kitu, aende nayo kwa salama. Moshi ukageuka, ukapanda wote kwa mkupuo, vibao vya nje vikafunguka mara moja na kuanguka, na Gaudens akakohoa, akafungua macho, akauliza kwa Kiswahili chake cha Muleba kwa nini watu wamejaa bafuni.

Rajab aliitwa mchana ule ule. Aling'oa bomba na kifuniko, akaliziba tundu kwa zege ndani na nje. Mwisho wa mwezi Gaudens akapata uhamisho wa kwenda Mkoani, kusini mwa kisiwa, uliokuwa ukizungushwa muda mrefu. Siku ya kuondoka Conchesta alimshika Shadya akamwomba radhi, na Shadya akasema yamekwisha, akamfungia mkate wa ufuta wa njiani. Walilia wote wawili. Bi Mwatima aliwaombea dua, akafunga mlango wa upande ule na mpaka leo hajaupangisha.

Mkoani walipata nyumba ndogo yenye bafu la uani, lisilo na paa, mvuke ukitoka unakwenda mbinguni. Gaudens alirudi kuwa Gaudens. Alikula, alinenepa, alianza tena kurudi ananuka josho na kusahau kunyoa. Kila jioni Conchesta alimuuliza ameshindaje, na yeye akamweleza, ng'ombe kwa ng'ombe, mpaka mwenyewe akacheka kwamba sasa anaulizwa mno. Ilikuwa miezi mizuri kuliko yote waliyokaa kisiwani. Wivu ulimtoka Conchesta, na usingizi ukarudi.

Asubuhi moja ya masika, mvua inanyesha na imeingia baridi ambayo wenyeji walisema hawajapata kuiona, walikaa barazani wanakunywa chai ya tangawizi. Mama wa nyumba ya jirani alikuwa anafagia maji mlangoni kwake, na kila alipoinama mdomo wake ulitoa wingu dogo. Conchesta akahema makusudi akaliona lake. Akageuka kumwonyesha mumewe, amtanie kwamba leo wako Muleba.

Gaudens alikuwa anamweleza habari ya ndama aliyezaliwa Mtambile. Alikuwa anaongea na kucheka, na mbele ya mdomo wake hakukuwa na kitu. Akanyanyua kikombe, chai ilikuwa ya moto, akaipuliza. Alijaza mashavu, akapuliza sana, akapuliza tena. Mvuke wa chai ulipanda wima mbele ya midomo yake, umenyooka, wala haukutikisika.

Conchesta alinyoosha mkono kama anayemfuta kitu mdomoni, akauacha hapo, chini ya pua yake, muda wa kutosha. Kiganja chake kilibaki na baridi.

"Vipi?" Gaudens akauliza, akitabasamu.

"Hamna kitu," alisema. Akauficha mkono kwenye kanga. "Hiyo chai bado ya moto, utaungua."

Akakivuta kikombe upande wake, akainama, akampulizia.